CS50 ya Harvard ukiisomea Dodoma: kozi kali sana, ila ajira sio kazi yake

Mwenye haraka asome hapa aondoke: CS50x ndo kozi bora ya programu niliyowahi kukutana nayo, ni bure kuanzia somo la kwanza hadi cheti, na haitakupa ajira. Yote matatu ni kweli kwa pamoja. Wanaoisifia wengi wanaishia kwenye mawili ya mwanzo, afu mdogo wangu wa mwaka wa kwanza anaibeba akijua miezi mitatu mbele atakua developa analipwa kwa dola, anafika wiki ya nne anakutana na pointa, zile anuani za kumbukumbu ya kompyuta, kimya. Ukimuuliza vipi ile kozi anakwambia "dada nimebanwa na testi".

Mi niko Ng'ong'ona, nina steshenari, wateja wangu karibu wote ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM. Sikusomea kompyuta, nina cheti cha uhasibu, kompyuta nimeijulia kaunta: kuchapa, kopi, baindingi, kujazia watu maombi ya mkopo na ya Ajira Portal, ule mfumo wa kuombea kazi serikalini. Wale wa CIVE, kile chuo cha TEHAMA cha humo humo UDOM, ndo walionitia huu wazimu mana wanakuja kuprinti ripoti za projekti wanaanza kubishana hapo hapo lugha za programu, Python na Java ipi kali, we unalaminetia watu vitambulisho huku masikio yako kwao. Kwaiyo isome hii rivyuu ukijua anayeandika ni mtu wa namna gani. Mwenye digrii yake ya kompyuta anaweza kuiona hii kozi tofauti kabisa na sitabishana nae.

Kwa asiyeijua, CS50 ni somo la utangulizi wa sayansi ya kompyuta pale chuo kikuu cha Harvard, Marekani. Mwalimu ni David Malan, analifundisha tangu 2007, na toka 2012 likawekwa onlaini kupitia edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, ambako ndo linaitwa CS50x. Kitu kilichonivutia kwa huyu mwalimu ni kwamba yeye mwenyewe alienda Harvard akilenga kusoma mambo ya siasa na serikali, akaingia darasa hili hili mwaka 1996 kama mwanafunzi wa kujaribu tu, na hakutoka tena. Labda ndo mana anafundisha bila kumdharau asiyejua. Anapanda jukwaani anachana kitabu cha namba za simu katikati, anatupa nusu, anachana tena, kukuonyesha kwamba jina kwenye kurasa elfu moja unalipata kwa kama hatua kumi tu ukiwa unagawa kati kwa kati. Wadogo zetu wa sahivi kitabu cha namba za simu hawajawahi kukiona maisha yao yote lakini somo wanalielewa, nimewaona.

Wiki ya kwanza, ambayo wao wanaiita wiki sifuri, unatumia Scratch, yani unaburuta vibox vya rangi unavipachika. Vijana wa hapa wanaidharau sana hii, wanaona ni ya watoto wa shule ya msingi, wanairuka. Usiiruke. Ndani yake kuna lupu, yani kurudia kitu mara nyingi, kuna masharti, kuna vigezo, vyote vile ambavyo wiki inayofuata unavikuta tena kwa C ukiwa na mabano na nukta mkato za kukusumbua, na ni bora upambane na mabano peke yake kuliko mabano pamoja na wazo lenyewe.

Afu ndo inakuja C. Hapa watu wananiuliza, C ya nini dada, lugha ya miaka ya 1970, nani anaajiri mtu wa C Dodoma? Hakuna, sijawahi kusikia tangazo. Lakini C inafanya kitu ambacho Python inakuficha, inakulazimisha useme kila data ni ya aina gani na inakaa kwenye nafasi kubwa kiasi gani, na ukikosea inakuumbua. Mfano wa kwetu kabisa. Namba nzima ya kawaida kwenye C, ile wanayoiita int, mwisho wake ni 2,147,483,647. Mmarekani anayehesabu dola anaona hiyo ni namba kubwa ya kuchezea. Sasa weka shilingi. Saccos yenye mtaji wa bilioni tatu, ambayo sio kubwa kivile, jumla yake haiingii humo, na programu haisimami ikasema samahani, mara nyingi inageuka inakupa namba ya hasi na kuendelea na safari yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Mi mtu wa hesabu za vitabu, hiyo ilinishtua kweli kweli. Huko kwenye mhadhara anatoa mifano yao ila ukiwa umekaa hapa kichwa kinaenda moja kwa moja kwenye shilingi.

Namba ya NIDA nayo. Ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Ukisema uiweke kama namba, hata ile aina kubwa ya C inayoitwa long haiitoshi, mwisho wake ni tarakimu 19. Na namba ya simu inaanza na sifuri, ukiihifadhi kama namba sifuri inapotea, na vibaya zaidi ukiiandika ndani ya programu yenyewe ikiwa na hiyo sifuri mbele C inaisoma kwa msingi wa nane, ikikuta 8 au 9 humo ndani inagoma kabisa. Kwaiyo simu na NIDA sio namba, ni maandishi yaliyovaa tarakimu, hujumlishi simu ya mtu na simu ya mtu mwingine hata siku moja. Kuna vijana wanamaliza kozi nzima za Python na hili hawalijui, afu ndo wanapewa wajenge mfumo wa kusajili wanachama.

Mazoezi yenyewe ndo roho ya hii kozi, sio vidio. Narudia tena, SIO vidio. Mtu akikwambia nimemaliza CS50 muulize mazoezi umetuma? Wengi wameangalia tu kama tamthilia. Kila wiki kuna kazi na kuna programu inaitwa check50 inakukagua palepale, inakupa alama ya kijani au nyekundu kwa kila kipengele, haina huruma na haina upendeleo. Unaanza na kujenga piramidi la Mario kwa alama za reli, unakuja kwenye kukagua kama namba ya kadi ya benki ni halali, wiki za mbele unakutana na uchaguzi: programu ya kuhesabu kura ambayo mwenye kura nyingi anashinda, afu kuna nyingine ngumu inaitwa Tideman, hiyo ya hiari, wapiga kura wanapanga wagombea kwa mpangilio na unatafuta mshindi kwa kulinganisha wawili wawili. Tideman imewatesa watu dunia nzima. Kama umeajiriwa na una watoto iache, chukua zoezi jepesi wanaloliweka mbadala wake, cheti ni kile kile.

Wiki ya nne na ya tano ndo chujio. Pointa, kuomba kumbukumbu na kuirudisha, programu inakufa ghafla na ujumbe wa mstari mmoja kwamba imegusa kumbukumbu isiyo yake na haikwambii ni wapi. Hapa ndo wale wa "nimebanwa na testi" wanapopatikana. Lakini hapa ndo pia penye utamu wote, sidanganyi. Kuna zoezi linaitwa Speller, unapewa kamusi yenye maneno 143,091 ya Kingereza uyapakie yote kwenye kumbukumbu afu ukague maandishi makubwa makubwa neno kwa neno kama lipo kwenye kamusi, na unapimwa muda. Ukiyapanga maneno kwenye mstari mmoja mrefu inatambaa. Inabidi ujenge jedwali la hashi, na hilo nililielewa siku nilipoangalia maboksi yangu ya fomu za wateja, boksi la A, boksi la B, mteja akija anaitwa Neema siendi kufungua yote naenda la N moja kwa moja, ila majina ya M Tanzania ni mengi mno kwaiyo boksi la M linafurika wakati la Q lina vumbi tupu, na hapo ndo unagundua kumbe kugawa kwa herufi ya kwanza ni kugawa vibaya, unatafuta namna nyingine ya kugawa itakayosambaza sawasawa. Hiyo namna nyingine ndo kazi ya hashi. Basi. Kitu ambacho kwenye vitabu kinaandikwa kurasa na kurasa.

Kingine, wiki ya sita wanakuhamishia Python, lugha iliyotoka 1991, na ile Speller iliyokutoa jasho inaandikwa upya mbele yako kwa mistari michache mno. Utacheka, na kama umepita C bila kukwepa utajua kwanini inawezekana na utajua gharama yake pia, mana ya Python inachukua muda mrefu zaidi kukimbia. Mtu aliyeanzia Python moja kwa moja haoni hapo kuna biashara gani imefanyika.

Toka hapo kozi inashuka mteremko. SQL, lugha ya kuuliza maswali kwenye databezi, ni wiki tamu sana, kuna zoezi la upelelezi, bata wa CS50 kaibiwa kwenye mji wa kufikirika na we una databezi tu ya simu zilizopigwa, miamala ya benki, tiketi za ndege, unamtafuta mwizi kwa maswali ya SQL. Nililifanya na wateja wawili wa CIVE dukani tukafunga saa tano usiku. HTML na CSS, za kuandika na kupamba kurasa za saiti, zinapitiwa mbiombio. Mwisho Flask, zana ya Python ya kujengea saiti, unajenga saiti ya kununua na kuuza hisa za kuigiza, nenosiri linahifadhiwa likiwa limehashiwa, yani limevurugwa lisisomeke, sio wazi wazi, na kwenye toleo nililosoma mi wiki ya kumalizia ilikua usalama wa mtandao. Hayo ya nenosiri na usalama yachukulie serious mdau, mana tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na sisi wa steshenari ndo tunaoshika nakala za NIDA za watu kuliko mtu yeyote hapa mtaani. Kompyuta ngapi za steshenari zina folda la vitambulisho limejaa toka mwaka juzi na mtoto yeyote anaweza kulifungua? Haya tuendelee.

Projekti ya mwisho unachagua mwenyewe. Mi nilijenga daftari la madeni. Mwanafunzi anaprinti projekti yake kwa mkopo, anasema ntalipa boom likitoka, yani hela ya mkopo ya kujikimu, boom linachelewa, daftari la karatasi linaloa chai, mnaanza kugombana. Kwaiyo ni Flask na databezi ya SQLite, jina, simu (kama maandishi!), kazi aliyofanyiwa, kiasi, na kitufe cha "boom limetoka" kinacholeta orodha ya wote kuanzia mwenye deni kubwa. Sio kitu cha kutisha ila kinafanya kazi mpaka leo. Ukiwa unachagua ya kwako chagua tatizo unaloliona kila siku, achana na kuiga saiti ya hali ya hewa kila mtu anayo.

Sasa bando. Mihadhara ni ya masaa mawili na ushee kila wiki, ukiiangalia kwa ubora wa juu hela yote inaishia kwenye GB. Shusha YouTube hadi 360p, sauti ndo muhimu na kilichoandikwa bado kinasomeka. Ila siri kubwa ambayo watu hawaitumii ni kwamba kila wiki ina ukurasa wa notisi, mhadhara umefupishwa kwa maandishi na vipande vya programu ndani yake, inafunguka hata mtandao ukiwa mzito. Mi mihadhara mingine nilisoma notisi kwanza afu vidio nikaangalia sehemu nilizokwama tu. Na leseni ya hayo masomo ni ya kugawana bure, unaruhusiwa kunakili na kumpa mwenzako mradi hufanyi biashara na unataja yametoka wapi, kwaiyo flashi moja inaweza kuzunguka hosteli nzima kihalali kabisa. Wale wa kuuza kwenye DVD wajue hawaruhusiwi.

Mazoezi unaandikia cs50.dev, ni kompyuta ya mtandaoni inayofunguka kwenye brauza, unaingia kwa akaunti ya GitHub, saiti ya kuhifadhia programu. Faida yake laptopu yako ya mtumba ya RAM 4 inatosha mana kazi nzito inafanyika huko mbali, na umeme ukikata ulichoandika kinabaki salama. Hasara yake bila mtandao huna kitu. Dawa ni kuweka Ubuntu, mfumo endeshi wa bure, na gcc, kompaila ya kutafsiri C kwa mashine, kwenye kompyuta yako, unaandika na kujaribu bila mtandao, jioni ukipata mtandao ndo unapakia kukaguliwa. Inataka kuhangaika kidogo mwanzoni ila inakufundisha vitu ambavyo kozi yenyewe haigusi. Kwa simu tupu hii kozi haiendi, niseme ukweli. Kuangalia sawa, kuandika hapana, utachukia programu bure.

Kingereza. Tumesoma sekondari kwa Kingereza wote lakini kumsikiliza Mmarekani anayetembea jukwaani huku anaongea kwa kasi ni jambo jingine. Punguza spidi iwe 0.75 na uwashe maandishi ya chini. Hapa ndo naikata kozi nusu nyota, sio kwa lugha hasa, ila kwa mifano. Kadi za benki, hisa, mambo yao yao, msomaji wa huku anabeba mizigo miwili, aelewe programu na aelewe kwanza hilo jambo lenyewe ni nini. Mwanafunzi mmoja aliniuliza "dada hisa inauzwaje" na hapo alikua anatakiwa ahangaike na Flask. Kozi haina kosa, imetengenezwa kwa ajili ya watu wa kule, lakini ninayemwandikia yuko Dodoma.

Kuhusu AI. Kozi ina bata wake, cs50.ai, unamuuliza anakusogeza kidogo kidogo bila kukupa jibu, na sheria yao inakataza kutumia ChatGPT na wenzake kwenye mazoezi. Vijana wanaona ni ushamba, kwamba kazini si tutatumia? Mtatumia ndio. Lakini nimekaa na vijana wenye programu nzuri kwenye skrini ambao ukifuta mstari mmoja hawawezi kuurudisha, na kwenye intavyuu wanakupa kompyuta na wanakukalia hapo pembeni. Tumia bata.

Nilinganishe kidogo. Kuna kituo kimoja hapa mjini, jina sitaji, nililipa laki kadhaa nikafundishwa Word, Excel, na HTML ya kubadilisha rangi za maandishi, afu cheti kikaandikwa kwa herufi kubwa kwamba nimesomea uundaji wa mifumo. Sitaki kusema vituo vyote ni hivo, kuwa na mwalimu unayemshika shati ni kitu kikubwa na CS50 hiyo haina. Ukitaka kulipia kituo omba kwanza uonyeshwe kitu kilichojengwa na mwanafunzi wa awamu iliyopita, kikiwa kinafanya kazi. Wakianza kukuonyesha picha za mahafali ondoka.

Upande wa bure kuna freeCodeCamp, ya toka 2014, hiyo unafanya hatua ndogo ndogo moja kwa moja kwenye brauza, nyepesi kwa bando, na kwa mtu anayetaka kutengeneza saiti haraka ni bora kuliko CS50. Udhaifu wake kwangu ni kwamba inakushika mkono mno, unajaza nafasi iliyoachwa wazi unaona umejua. The Odin Project ipo kinyume chake, inakuachia ujenge mwenyewe kwenye kompyuta yako na inakusukumia Git mapema, zana ya kutunza matoleo ya programu yako, na Git ndo kitu CS50 inakipita juu juu wakati kazini ni cha kila siku. Mi nikishauri mtu sahivi namwambia CS50 mpaka wiki ya saba bila kukosa, afu hamia Odin kwa mambo ya wavuti. Kufanya zote tatu kwa wakati mmoja ni njia ya uhakika ya kutomaliza hata moja.

Haya, ajira, ndo wengi mnachosubiri. Dodoma mwajiri mkubwa ni serikali, tusidanganyane, wizara zote ziko hapa, kwenye mji wa serikali wa Mtumba huko, e-GA, Mamlaka ya Serikali Mtandao, nao wapo hapa hapa. Na serikali inaajiri kupitia Ajira Portal, na mi najazia watu yale maombi kila wiki kwaiyo matangazo nayasoma: Afisa TEHAMA daraja la pili wanataka digrii ya sayansi ya kompyuta au inayofanana nayo. Cheti cha CS50 hapo hakina pa kuwekwa hata kama umeandikia kwa wino wa dhahabu. Kama una digrii tayari, CS50 itakusaidia kwenye usaili, sio kwenye kuitwa. Kama huna, usiache chuo kwa ajili ya kozi ya mtandaoni, nawaomba, wazazi wenu wakija hapa dukani kuniuliza ntasema nini.

Kwa tusio na digrii kinachobaki ni sekta binafsi na kujiajiri, na hapo cheti hakiulizwi, kinaulizwa kilichojengwa. Shule binafsi zinataka mfumo wa ada na matokeo, saccos, maduka ya dawa, nyumba za wageni ambazo hapa zinajaa kila Bunge likikaa. Na hao wateja hawajali umetumia lugha gani, ila hostingi za bei rahisi ambazo ndo wanaweza kulipia nyingi zimekaa ki-PHP, lugha ya kuandikia saiti, na WordPress ni PHP, kwaiyo baada ya CS50 PHP na Laravel, fremu yake ya kujengea mifumo, itakulisha mapema kuliko Flask. Najua PHP inachekwa. Waacheni wacheke. Mwenye ndoto za mifumo ya afya aangalie Java na JavaScript, DHIS2, mfumo wa taarifa za afya ambao wizara ya afya inautumia, nyuma yake ni Java na mbele ni React, ambayo ni JavaScript. Na jifunze kuunganisha malipo ya simu, mteja wa Tanzania swali lake la kwanza ni "mtu akilipa kwa M-Pesa inaingia yenyewe?" Hilo CS50 haiwezi kukufundisha ila mtu aliyeielewa wiki ya tisa anasoma mwenyewe maelezo ya API, njia ya mfumo mmoja kuongea na mwingine, akaelewa, na hapo ndo unaona zile wiki za mateso zililipa nini.

Cheti: kuna viwili, msichanganye. Cha CS50 wenyewe ni bure, unatakiwa upate angalau asilimia 70 kwenye kila kazi pamoja na projekti ya mwisho. Cha edX kilichothibitishwa ni cha kulipia kwa dola. Hela hiyo nunua RAM. Kozi inafungwa kila mwisho wa mwaka na kufunguliwa mpya Januari, ila ulichokwisha kutuma kinahamia, kwaiyo aliyeishia wiki ya nne mwezi wa kumi na mbili hajapoteza, aingie aangalie tu kama kuna kazi iliyobadilishwa.

Nani aichukue: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kompyuta anayeona mhadhiri anakimbia, mtu wa fani nyingine mwenye uvumilivu na laptopu, na yule anayejua Python ya kuchovya anayetaka kujua kunaendelea nini chini yake. Nani asichukue: anayetaka hela ndani ya miezi miwili. Huyo ajifunze kurekebisha WordPress za watu na kuprinti tisheti, sio utani, inalipa.

Mihadhara ya wiki zote na notisi zake ninazo kwenye kompyuta ya dukani. Anayetaka aje na flashi yake yenye nafasi ya kutosha, aiskani kwanza virusi huko atokako, na hela sichukui mana leseni hairuhusu. Kuprinti notisi hapo ndo tutaongea bei, na kwa mkopo sasa hivi siprinti mpaka boom litoke.